Kutoka foni hadi kadi SIM: nani anasikiliza, na nani anabeba jukumu?

Kabla ya antene za simu kufika kusini mwa Maniema, mtu wa Kabambare au Kasongo aliyetaka habari za ndugu yake wa Bukavu au Kalemie alikwenda kwenye foni. Ilikuwa redio ya kutuma na kupokea sauti, yenye waya mrefu uliofungwa juu kati ya miti, na betri iliyopata moto kwenye sola. Mtu alilipa, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake. Zamu ilipofika, aliongea kwa sauti kubwa. Wote waliokaa kwenye benchi walisikia, na mwenye foni pia. Hata watu wa miji mingine waliofungua mashine yao kwenye wimbi lile lile walisikia.

Siri haikuwapo, na kila mtu alijua haipo. Ndiyo maana watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Pesa iliitwa "dawa ya mtoto", dhahabu iliitwa "ule mzigo wa mzee", na mambo ya nyumbani yaliachwa mpaka msafiri apite na barua. Jukumu la mtu lilikuwa wazi: anajua nani anasikia, anapima ulimi wake.

Leo mtu anaongea peke yake chini ya mwembe, simu sikioni, na hakuna mtu karibu. Anaamini yuko na siri. Lakini kampuni ya simu inaandika aliita namba gani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na kupitia antene ipi. Kila akituma pesa, inaandika alimtumia nani na kiasi gani. Benchi la foni halikuondoka. Limehamishwa mahali asipoliona.

Watu wengi husema kosa ni la mwenye simu: angechagua vizuri, angesoma masharti, angekataa. Wengine husema mtu mdogo hana la kufanya. Historia ya Maniema inaonyesha kwamba maneno yote mawili yana upungufu.

Daftari la kwanza

Kuandikwa majina hakukuanza na simu. Dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 2 mwezi wa 5, 1910, ilimfunga kila mkaaji kwa sheferi yake. Aliyetaka kuondoka kwa muda mrefu alipaswa kuomba karatasi ya ruhusa kwa wakubwa. Baadaye kikaja kitabu cha utambulisho ambacho mwanaume alibeba popote. Ndani yake kuliandikwa jina, kijiji, mtawala wake, kodi aliyolipa, kazi aliyofanya. Aliyekutwa njiani bila kitabu alikuwa na makosa tayari, hata kama hakuiba kitu.

Maniema ilionja jambo hilo mapema kwa sababu ya pamba. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 2, 1917, iliruhusu serikali kulazimisha wanavijiji kulima mazao fulani, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo ambako pamba ya lazima ililimwa. Shamba la kila mtu lilipimwa, likaandikwa, likakaguliwa. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zilipandishwa hadi 120 kwa mwaka. Mkulima akivuna, hakuchagua mnunuzi. Toka 1921 nchi iligawanywa kwa maeneo, na kila eneo lilipewa kampuni moja. Bei ilipangwa juu, na mkulima aliijua siku ya soko.

Hapo kuna somo la kwanza. Mkulima yule aliweka pamba yake kwenye mizani, akapokea pesa, akaenda. Kwa mtu anayetazama kutoka mbali, huyo ameuza kwa hiari yake. Lakini mahali penye mnunuzi mmoja na askari mmoja, kuuza si kuchagua. Ni vilevile mahali penye antene ya kampuni moja tu: mkaaji anakubali masharti ya kampuni hiyo au anakaa bila kusikia habari za watoto wake.

Vikombe na mashuka

Kuna sehemu nyingine ya historia hiyo ambayo wazee waliosoma shule za misheni wanaikumbuka. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo waliotaka kutambuliwa kama "waliostaarabika". Mwaka 1952 wakaongeza hatua ya juu zaidi, kuandikishwa, ambayo ilimkaribisha mwenye kuipata karibu na haki za Mzungu. Aliyeomba alichunguzwa. Wajumbe waliingia nyumbani kwake. Walitazama kama familia inakula mezani, kama kuna uma na visu, kama watoto wanalala kwenye mashuka, kama mke anakaa pamoja na mume wakati wa chakula. Kati ya mamilioni ya Wakongo, waliopata kuandikishwa walikuwa wachache sana.

Vitu ambavyo mtu alinunua kwa pesa yake sokoni viligeuka ushahidi juu yake. Sahani ilisema yeye ni nani. Leo kazi hiyo inafanywa na simu bila mjumbe kuingia mlangoni. Kenya, tangu mwezi wa 11 mwaka 2012, mtu anaweza kupata mkopo kwa simu kupitia M-Shwari, na anapimwa kwa namna anavyotumia simu na pesa yake. Baadaye zikaja programu nyingi za mikopo ya haraka. Aliyezifungua alibonyeza "nakubali", na nyingine zilichukua majina yote yaliyo katika simu yake. Alipochelewa kulipa, mama yake, mkubwa wake wa kazi na hata mchungaji wake walipigiwa simu na kuambiwa kwamba fulani ni mwenye deni. Malalamiko yalizidi mpaka Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji hao mwezi wa 3 mwaka 2022.

Mkopaji alibonyeza mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Lakini wale waliopigiwa simu hawakubonyeza kitu. Hapo kuna somo la pili: mtu akitoa daftari la simu yake, anatoa pia watu ambao hawakuulizwa. Jukumu la mtu haliishii kwenye jina lake.

Karatasi inaishi kuliko sababu yake

Jirani zetu wa Rwanda walipata somo la tatu kwa damu. Katika miaka ya 1930, utawala huo huo wa Wabelgiji uliandika kabila ya kila mtu ndani ya kitambulisho chake. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya ofisi: kuhesabu, kutawala, kupanga. Walioandika wengi walikwisha kufa, na Wabelgiji walikwisha kuondoka, kadi ilipoombwa kwenye vizuizi vya barabara mwaka 1994. Mstari mmoja ulioandikwa miaka sitini mbele uliamua nani anapita na nani anauawa.

Kenya ya wakoloni ilikuwa na kipande, kilichoanza kutumika karibu na mwaka 1920. Mwanaume Mwafrika alikivaa shingoni katika kijisanduku cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake na historia ya kazi zake. Kilitengenezwa ili mfanyakazi asimkimbie bwana wake, na polisi walikitumia kila walipotaka kumsimamisha mtu.

Kwetu, uhuru haukufuta tabia hiyo. Wakati wa Mobutu, kila raia wa Zaire alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR toka kuzaliwa kwake, apende asipende. Idara ya upelelezi iliitwa CND mwaka 1969, kisha AND, kisha SNIP, na toka 1997 inaitwa ANR. Majina yalibadilika, hofu ya kusikilizwa ikabaki. Simu ya kwanza ya mkononi, Telecel, ilipofika Kinshasa katika miaka ya 1980, ilikuwa kitu cha wakubwa na matajiri. Mwanakijiji wa Maniema alikuwa bado na foni yake na mafumbo yake.

Simu inafika kwa wote

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 2000. Celtel, ambayo leo ni Airtel, na Vodacom zilitandaza antene wakati vita bado inaendelea. Mwaka 2012 M-Pesa ilifunguliwa Kongo, na mtu aliye mbali na benki akaweza kutuma pesa ya shule au ya hospitali kwa dakika moja. Hakuna mama wa Wamaza aliyeona jambo hilo kuwa baya. Lilikuwa msaada mkubwa, na lingali msaada.

Pamoja na msaada huo likaja daftari jipya. Serikali iliagiza makampuni yaandike jina na kitambulisho cha kila anayenunua kadi SIM. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia wanyang'anyi na wenye vitisho. Lakini kitambulisho chenyewe kilikuwa shida. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi ilifanywa mwaka 1984, na kwa miaka mingi Mkongo wa kawaida hakuwa na kadi ya taifa. Toka uandikishaji wa mwaka 2005, kadi ya uchaguzi ndiyo iliyofanya kazi ya kitambulisho. Kadi mpya ya taifa ilizinduliwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa 6, 2023, lakini vijijini ni kadi ya uchaguzi inayoonyeshwa kwenye kizuizi, kwenye benki na kwa mwuza SIM.

Ndiyo hivi: kadi iliyotolewa ili mtu apige kura inamfuata kila anaponunua laini. Aliyekimbia usiku bila kadi hiyo hawezi kununua SIM kwa jina lake. Anaomba SIM iliyoandikwa kwa jina la mwingine, na mwingine anakubali kwa huruma au kwa franka chache.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, inasema katika kifungu cha 31 kwamba kila mtu ana haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, pamoja na siri ya barua na ya mawasiliano, na kwamba haki hiyo haiguswi isipokuwa kwa namna sheria inavyopanga. Hata hivyo, wakaaji walijifunza kwamba mwenye mkono juu ya antene ana nguvu. Intaneti ilikatwa mwezi wa kwanza mwaka 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Mitandao ilizuiwa tena mwezi wa 12 mwaka 2016. Mwisho wa mwaka 2017 intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa. Na baada ya kura ya tarehe 30 mwezi wa 12, 2018, nchi nzima ilikaa karibu wiki tatu bila intaneti. Wenye ndugu safarini wanakumbuka siku hizo.

Wakati watu walikataa: RAM

Mwaka 2020 kulikuja RAM, daftari la vyombo vya simu, lililoendeshwa na ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano. Kila chombo cha simu kina namba yake isiyofanana na nyingine. Mtu anaweza kuiona akibonyeza *#06#. RAM iliandika namba hizo, na kuzitoza pesa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Pesa ilikatwa kidogo kidogo ndani ya unite. Mtu aliinjiza unite jioni, asubuhi akakuta zimepungua.

Serikali ilisema ni kwa kupigana na simu za bandia na zilizoibwa. Watu hawakuridhika. Wenye maduka, wanafunzi, wachunguzi wa pesa za serikali na vikundi vya raia kama LUCHA walisema kwa sauti moja kwamba hiyo ni kodi iliyofichwa. Wabunge walimwita waziri na kumwuliza pesa zinakwenda wapi. Mwanzo wa mwaka 2022, kodi ya RAM iliondolewa.

Ushindi huo haukuletwa na mnunuzi mmoja aliyechagua vizuri. Mtu mmoja asingeweza kufanya kitu: kila kampuni ilikata, kubadilisha laini kusingemsaidia. Waliokataa pamoja ndio waliosikilizwa. Hata hivyo, watu wengi waligombana na bei, wachache waligombana na daftari. Walipouliza "pesa yetu iko wapi?", sauti ilikuwa kubwa. Swali la "namba za simu zetu zinakaa kwa nani, na kwa muda gani?" lilisikika kidogo sana. Kodi ikiondoka, daftari haliondoki kwa sababu hiyo tu.

Kidole kwa mfuko wa unga

Kwa familia zilizohama makwao, swali hili si la mbali. Anayefika mahali pa usalama anaandikwa: jina, kijiji alikotoka, watoto wangapi, namba ya simu. Mashirika makubwa ya misaada kama PAM na HCR hutumia pia alama za vidole katika nchi nyingi, ili mtu asihesabiwe mara mbili na chakula kimfikie mwenyewe. Sababu hiyo ni nzuri, na wengi wamepata haki yao kwa njia hiyo.

Lakini daftari zuri pia linaweza kuvuja. Tarehe 19 mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni waliingia katika mashine zenye habari za watu zaidi ya 515 000. Kati yao kulikuwa na watu waliotafutwa na familia zao baada ya kutenganishwa na vita au kukimbia. Ni kazi ile ile ambayo familia nyingi za mashariki mwa Kongo zinaijua: mtoto amepotea njiani, mama anakwenda kuandikisha jina lake. Msalaba Mwekundu ulisema wazi yaliyotokea na ukaomba wezi wasiuze habari hizo. Mwaka uliotangulia, 2021, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa na HCR huko Bangladesh zilifikia serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na wengi hawakujua kwamba walikubali jambo hilo.

Mama aliyeweka kidole kwa ajili ya unga hakukosa. Mbele yake kulikuwa na mfuko wa unga, nyuma yake kulikuwa na watoto wenye njaa. Kumwambia "ungekataa" ni kama kumwambia mkulima wa 1917 asingelima pamba. Jukumu hapo ni la mwenye daftari. HCR yenyewe, katika kanuni zake za mwaka 2015, inasema mtu anayeandikwa ana haki ya kuelezwa sababu, kuona yaliyoandikwa, na kuomba yasahihishwe. Sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inaweka pia mipaka kwa kila anayekusanya habari za watu. Kwa hiyo anayeuliza kwenye meza ya uandikishaji "nani ataona hii, na itakaa muda gani?" hatukani mtu. Anaomba kitu ambacho ni chake.

Jukumu linalobaki

Kuna mambo ambayo mtu anachagua kweli, na hapo hawezi kumlaumu mwingine. Kijana anayeandikisha laini tano kwa kadi yake na kuziuza kwa watu asiowajua, amechagua. Laini moja ikitumiwa kuomba pesa ya mateka au kudanganya mjane, jina litakalotokea ni lake, na atakayeitwa ni yeye, au baba yake. Mwenye kibanda anayebaki na picha za kadi za wateja ndani ya simu yake bila kuzifuta, amechagua. Anayempa mtu namba yake ya siri ya M-Pesa ili "amsaidie kutoa", amechagua. Na anayetuma kwenye kikundi cha WhatsApp picha za familia zilizofika jana, pamoja na jina la kijiji walikotoka na nyumba walikolala, amechagua pia, hata kama alifanya kwa huruma. Waliowafukuza watu hao nao wana simu.

Kwa mambo hayo, hekima ya foni inatosha. Zamani mtu hakuhitaji kusoma sheria ili ajue kwamba jina la mgonjwa, kiasi cha pesa na njia ya msafiri havitajwi mbele ya benchi. Aliuliza kwanza nani amekaa pale. Na mwenye foni mzuri alijulikana: alisikia habari za kila nyumba, za deni, za ndoa, za kifo, na hakuzibeba mpaka kwenye pombe. Aliyezibeba alipoteza wateja wake, kwa sababu watu waliambiana, wakaenda wote kwa mwingine.

Watu walimchunga mwenye foni wakiwa pamoja, na RAM pia ilianguka kwa watu waliosema pamoja. Mama wa Wamaza anayeuliza peke yake kwenye meza ya uandikishaji anaweza kupuuzwa. Mamake jirani akiuliza lile lile, na shefu wa kijiji, na kamati ya waliohama, itabidi ajibiwe.